Mgongo wa Shangazi

14 Agosti

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi mahali pasipo na mwanafunzi wa udereva, uisome yote bila kukanyaga breki katikati. Sisi huku wazima. Tangu umeme uanze kukatikakatika, majokofu ya mtaa mzima yamekubaliana kufa pamoja, kwa hiyo Baba anatoka na mkoba wake wa vifaa asubuhi na kurudi jioni akijisifu kwamba bila yeye watu wangekula maziwa kwa uma. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kugombeza iko palepale. Pacha wametimiza miaka kumi. Waliomba zawadi ya kila mtu chumba chake, na kwa kuwa chumba ni kimoja, wamechora mstari wa chaki sakafuni. Mlango umeangukia upande wa mkubwa. Mdogo anapitia dirishani.

Mimi bado niko duka la kutoa nakala, nachapa barua za watu na kuvuta karatasi zinazokwama kwenye mashine. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya hayo. Simu yetu inasikika mpaka kwa jirani, na wewe mwenyewe husema jambo la maana halisemwi kwa kupiga kelele.

Shangazi, nataka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Usicheke kwanza. Najua vile ninavyovitaka hukataa watu tisa kati ya kumi, na vingine zaidi. Ila hivyo hivyo ndivyo vinavyoweza kumlipia mtu wa mbali kila kitu vikishamkubali. Vile ambavyo ni rahisi kuingia havina msaada kwa mgeni. Kwa mtu kama mimi, mlango mwembamba ndio mlango wenyewe.

Wanataka matokeo yangu ya shule, mtihani wao wa hisabati na Kiingereza, barua za walimu wawili, na insha. Hiyo insha ndiyo inayonitoa jasho. Kuna kijana aliyesoma huko akarudi, tunamwita Mshauri. Jumamosi hutukusanya maktaba, tuko wanane, anatusaidia bure. Anasema matokeo mazuri kila mtu anayo, insha ndiyo inayokutoa kwenye kundi. "Waambieni kitu mlichopitia," anasema.

Nikakumbuka ule mwaka niliokaa kwako nikiwa na miaka minane. Naomba unisimulie kidogo. Ulikuwa unaumwa nini hasa?

Mwanao,
Mchwa


2 Septemba

Mchwa wangu,

Marahaba mara tatu: moja yako na mbili za pacha, maana najua wamesahau kunisalimu. Huyo mdogo mwambieni dirisha ni mlango wa paka na wezi. Mama yako anywe tangawizi na aache kugombeza kwa wiki moja, kikohozi kitaisha chenyewe.

Mume wangu hajambo. Anajenga ukuta wa shule, na kila jioni ananieleza ukuta ule umefika wapi utadhani ni mtoto anajifunza kutembea. Mimi nina wanafunzi sita mwezi huu. Mmoja ni mstaafu wa benki. Akiona mbuzi barabarani anazima injini kabisa na kumsubiri apite, kama vile mbuzi ndiye meneja wake. Wa pili ni fundi saa. Huyo anaendesha polepole hata watoto wanatupita kwa miguu wakitupungia mikono.

Habari ya Marekani nimemwambia mume wangu. Akauliza, "Huko kuna baridi au joto?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema basi uchukue sweta. Huo ndio mkutano wa familia, na umepitisha. Omba, mwanangu. Wakikataa watakuwa wamekukataa wao; usianze wewe kuwasaidia kazi hiyo.

Kuhusu ule mwaka: mgongo uliniuma. Ukapona. Hapo hakuna cha kuandika. Andika jinsi ulivyowafundisha pacha kusoma kwa vibandiko vya majokofu ya baba yako. Au andika hisabati zako, wewe uliyekuwa ukitafuna vitabu mpaka tukakuita Mchwa.

Mume wangu anasema sweta iwe nzito.

Shangazi yako


18 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo za pacha safari hii ni za kweli, nimewasimamia. Mama amepona. Baba amewaambia wateja wote wenye majokofu kwamba binti yake anakwenda Marekani, na jana mwenye duka la nyama alinitakia safari njema. Hata matokeo ya mtihani yalikuwa hayajatoka! Yametoka leo. Hisabati sikukosa hata swali. Kiingereza kinatosha.

Shangazi, nimejaribu kuandika kuhusu vibandiko vya majokofu. Nikampa Mshauri. Akasema, "Inachekesha, lakini haimuumizi mtu." Nikajaribu kuandika hisabati, akapiga mwayo, akaomba radhi. Ndipo nikaandika nyingine bila kufikiri sana, kwa mkupuo mmoja, na alipoisoma alivua miwani. Ni kuhusu ule mwaka. Nimekuandikia kipande chake kwa lugha yetu, ujue ninachosema:

"Nilipokuwa na miaka minane, mama yangu alijifungua pacha kabla ya wakati akabaki nao hospitalini, nami nikapelekwa kwa shangazi. Shangazi anafundisha watu kuendesha magari. Siku moja na yeye alikwenda hospitali, na aliporudi akaacha kazi, akalala. Watu waliambiwa ni mgongo. Haukuwa mgongo. Nilijua, kwa sababu mvua ilipopiga ghafla alitoka mbio, akabeba beseni lililojaa nguo mbichi, akaliingiza ndani bila kuguna, kisha akarudi kitandani akageukia ukuta. Mgongo mbovu haubebi beseni lile. Saa sita mchana, jua likiwa kali nje, nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia la mlango nikimsikia akilia mdomo umefumbwa. Mwaka ule wote sikumwona akicheka. Nilijifunza kukaanga mayai, kufua, na kuwadanganya wageni. Nilijifunza kwamba watu wazima nao huvunjika."

Sina nia mbaya, Shangazi. Sikutaji jina. Chuo ninachokipenda kuliko vyote kinapokea maombi ya mapema mpaka mosi Novemba, na mtu anaruhusiwa kuomba kimoja tu kwa njia hiyo. Naomba ruhusa yako. Nijibu upesi tafadhali, hata neno moja.

Mwanao,
Mchwa


21 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda ni posta. Mfanyakazi wa posta anasema mfuko mmoja ulirudishwa kwa sababu ya kunyeshewa, lakini huyo hata jua likiwaka husema mfuko umenyeshewa.

Sisi wazima. Pacha wamefuta mstari wa chaki, sasa wanagombania kitanda. Chuo kile kimepanga mtu wa hapa hapa mjini, aliyesoma kwao zamani, anihoji ana kwa ana. Niombee.

Kama barua yangu ilikuudhi, niambie.

Mchwa


3 Desemba

Kwako Mchwa,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo. Posta haina kosa. Barua yako ilifika siku ya nne.

Huyo mwanamke uliyemwandika mimi simjui. Amelala, analia, anakaangiwa mayai na mtoto. Mimi robo ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwangu. Nimewafundisha watu wazima wenye ndevu wakitetemeka, nikawashika mkono wakavuka. Leo unanichukua unanivua kilemba mbele ya watu nisiowajua, ambao hata jina langu hawawezi kulitamka, wanisome nikiwa na gauni la kulalia.

Mgongo uliniuma. Unasema beseni. Beseni ndilo lililonimaliza siku ile, ndiyo maana nikarudi kulala. Wewe umewahi kuumwa mgongo?

Ukitaka kuingia kwa watu, piga hodi kwa mkono wako mwenyewe. Usipige hodi kwa mkono wangu.

Usiitume.

Shangazi


22 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama na Baba wanakusalimu, hawajui chochote kuhusu haya. Pacha wanarukaruka kwa furaha kwa sababu shule imefungwa.

Niliituma. Niliituma tarehe thelathini Oktoba, kabla jibu lako halijafika, na nilipokuandikia Novemba nikilalamika posta nilikuwa nimeshaituma. Nilikuwa nakuomba ruhusa ya kitu nilichokwisha kukifanya. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa namna ya kunipendezesha kidogo, sikuipata.

Naomba nikueleze kilichotokea baadaye, halafu ufanye utakavyo.

Mtu aliyenihoji ni mama mmoja mhandisi wa barabara. Tulikutana kwenye kantini ya ofisi yake, amevaa viatu vya kazini vyenye lami. Mshauri alikuwa ametuambia wahoji hawapewi insha zetu, kwa hiyo huyu alikuwa hajui lolote. Alidai hisabati ni kipawa, mtu huzaliwa nacho. Nikabisha. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Nani amekufundisha kubishana hivi?"

"Shangazi yangu."

"Mwanasheria?"

"Mwalimu wa udereva."

Akacheka, akasema, "Hebu nisimulie huyo." Nikamsimulia ule mkasa wa daktari mkubwa aliyekataa kutazama kioo cha nyuma, akasema yeye maishani hutazama mbele tu, nawe ukamshusha katikati ya barabara ukamwambia, "Basi nenda kwa miguu, utazame mbele upendavyo." Mhandisi alicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Nikamsimulia na jinsi unavyoshika usukani kwa kidole kimoja na kumenya chungwa kwa mkono mwingine gari likiwa limesimama kwenye taa. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Nilikuwa najisifu kuwa na wewe.

Nikatoka pale nikitembea, na nilipofika kwenye kona ya duka letu nikasimama. Mwanamke niliyemsimulia na mwanamke niliyemwandika hawakufanana hata kidogo. Na yule niliyemwandika ndiye aliyekuwa amekwisha kusafiri.

Wiki ile ile akaja dukani mlinzi mmoja nimchapie barua ya kuomba likizo. Akasema, "Andika: mke wangu ameondoka na watoto." Nikaandika. Akatazama kioo cha kompyuta muda mrefu, akasema, "Futa hapo. Andika: shughuli za kifamilia." Nikafuta. Wote husema hivyo, Shangazi. Kila siku mtu ananiambia "futa hapo," nami nafuta bila kuuliza, kwa sababu maneno ni yake. Yako wewe tu ndiyo sikuyafuta.

Nimeandika insha nyingine, kuhusu duka na hao watu wa futa hapo, bila kumtaja hata mmoja kwa namna ya kujulikana. Hiyo ndiyo niliyopeleka vyuo vingine saba. Kile cha kwanza kilijibu wiki iliyopita: si ndiyo, si hapana, wameniahirisha mpaka Machi. Nikawaandikia kuomba waiondoe insha ya zamani waweke mpya. Wamejibu kwa adabu kwamba mpya wataiongeza kwenye faili langu, lakini kilichokwisha kupokelewa hakitolewi.

Kwa hiyo bado uko kule, kwenye faili, na siwezi kukutoa. Nisamehe.

Mchwa


30 Januari

Mchwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa tena, na safari hii nilikuwa sina hasira. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mimi kama ujuavyo si mtu wa kuzima gari kila baada ya hatua mbili.

Ukuta wa shule umekwisha. Mume wangu anautembelea. Mstaafu wa benki amepata leseni. Alilia ofisini kwa wakaguzi, wakadhani amefeli wakaanza kumpa pole.

Nina mwanafunzi mwingine, mke wa mwenye bucha ya mtaani kwetu. Mwanamke mdogo tu, mwepesi, somo la kwanza alishika usukani vizuri. Somo la tatu tukawa kwenye barabara ile ya nyuma ya ghala, pasipo na magari, nikamwambia, "Haya, ondoa." Hakuondoa. Mikono iko kwenye usukani, macho mbele. Nikasema, "Klachi." Hakukanyaga. Nikamwuliza, "Unaumwa?"

Akasema, "Mgongo."

Mchwa, nilimtazama yule mtoto wa watu, na nilijua ni mgongo gani. Nikazima injini. Nikamwambia, "Hata mimi mgongo uliwahi kuniuma hivyo." Akanigeukia. Nikamwambia, "Wako ulikuwa wa miezi mingapi?" Basi akalia, na mimi nikalia, na gari la mafunzo limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa jina langu na namba ya simu. Aliyepita akaona, ameona.

Sasa nakwambia wewe. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Zilikwisha kuharibika mbili kabla yake, kwa hiyo hii hatukumwambia mtu, na kwa mwili wangu huu hakuna aliyegundua. Mtoto alikuja mapema. Alipumua kidogo. Kisha hakupumua. Kule kwenu mama yako alikuwa amejifungua wawili, wadogo kama viganja, na kila siku kaka yangu ananipigia: leo wameongeza uzito, leo mmoja amefungua macho. Ningemwambia nini? Angeacha kufurahi. Nikasema mgongo. Mume wangu akanifuata katika uongo huo, akawa anazunguka mtaani kununua dawa za kuchua, na mgongo wa kuchua hakuna. Zilinuka, masikini, na alinichua kweli.

Kwa hiyo uliyoyaandika ni kweli. Ndiyo maana niliudhika. Kama ungeandika uongo ningecheka. Miaka yote hii nilijua nimelificha jambo lile, kumbe kulikuwa na jicho nyuma ya pazia, la mtoto niliyedhani anacheza.

Lakini una kosa moja, na mimi ni mwalimu, makosa lazima niyaonyeshe. Umesema hukuniona nikicheka mwaka mzima. Hukumbuki viti? Ulipanga viti viwili kando ya kitanda changu, ukachukua sahani ukaifanya usukani, ukavaa viatu vya mume wangu, ukasema, "Shangazi, nifundishe, gari limekwama." Nikakwambia niache. Hukuniacha. Ukakoroga mwiko kama gia, ukaligonga kabati, ukaniuliza, "Nimeua mtu?" Hapo nilicheka. Nikainuka nikaketi, nikakwambia, "Kwanza klachi, mjinga wewe." Siku ya pili ukaja tena. Kwa viti vile ndivyo nilivyorudi kazini. Wewe unakumbuka kulia kwangu, mimi nakumbuka hilo.

Baba yako usimwambie. Nitaona mwenyewe.

Sina kinyongo. Ila ukinidanganya tena, nitakufundisha kurudi nyuma kwenye kilima.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nafika kwenye viti nasimama. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sahani nilikumbuka, nilidhani ni mchezo wetu mimi na pacha. Sijui niseme nini kuhusu mtoto. Nikija nitasema vizuri kuliko hapa. Pole, Shangazi. Pole ya miaka kumi.

Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya ofisi, nyumba nzima imejaa kitambaa cha kijivu. Pacha wanatengeneza mahema.

Majibu yametoka. Hapana za kwanza nilizipokea asubuhi moja nikiwa dukani, tatu kwa mpigo, zote zinaanza na "tunasikitika" na kuelezea jinsi mwaka huu waombaji walivyokuwa wengi na wazuri. Kisha mbili nyingine. Kisha moja ikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, na moja hapana. Wenzangu wa maktaba nao hivyo hivyo. Mmoja tu alipata, tukambeba, na usoni tunacheka na mioyoni kila mtu na lake. Ijumaa nikafungua cha mwisho, kile cha kwanza. Nilishafunga mkoba niende nyumbani.

Wamenikubali. Masomo, malazi, chakula, hata nauli.

Nilipomwonyesha Baba alisoma mwenyewe, akaomba nimsomee tena polepole. Kisha akaenda akalifungua jokofu letu, ambalo halina ubovu wowote, akaanza kulitengeneza. Mama akaniambia, "Mwache." Alilitengeneza mpaka wakati wa kula.

Lakini Shangazi, ni kile chuo. Kile chenye insha zote mbili. Vyote vilivyosoma ya duka peke yake havikunikubali. Nimemwuliza Mshauri nini kilichowafanya waseme ndiyo. Akasema hakuna anayejua, pengine hisabati, pengine mhandisi, pengine walihitaji mtu wa mbali kwa mwaka huo. Mimi nahisi najua. Nahisi ni mdomo wako uliofumbwa saa sita mchana. Nimepewa mpaka mosi Mei kujibu. Kila nikitaka kubonyeza ndiyo naona kama nachukua kitu kwenye kitanda chako ukiwa umelala.

Sibonyezi mpaka unijibu. Na safari hii nasubiri kweli.

Mchwa


14 Aprili

Mchwa wangu,

Marahaba, na hongera, na hongera nyingine ya mume wangu, ambaye ameshanunua sweta. Ni ya rangi ya matofali. Hutaipenda, utaivaa.

Barua yako imefika jana, leo najibu. Mke wa mwenye bucha anafanya mtihani wiki ijayo na ataupasi, maana sasa anapigia honi hata magari yaliyosimama.

Nimefikiri swali lako nikiwa naendesha peke yangu, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara, na nilikwenda mbali kuliko nilivyokusudia. Nasema hivi. Huenda ni kweli walinisoma nikilia wakaguswa. Siwezi kukuapia kwamba sivyo, na wala sitaki kukubembeleza kama mtoto. Lakini pale kulikuwa na watu wawili: mmoja kitandani, mmoja nyuma ya pazia. Waliyemwita ni wa nyuma ya pazia. Mimi sijaitwa Marekani na siendi, nina wanafunzi. Ulichukua bila kuuliza, tumegombana, nimekwambia, umesikia. Yamekwisha. Hutaki kwenda kwa sababu unajiona mwizi. Basi mwenye mali nasema ni yako. Jibu ndiyo, leo, kabla hujala.

Na kuna jingine. Jumapili nilimpigia kaka yangu. Mume wangu aliketi karibu nami akashika sweta yako, akiikunja na kuikunjua. Kaka akaanza kama kawaida yake, majokofu, kelele, "Umesikia habari za binti yetu?" Nikamwacha amalize. Nikamwambia, "Kaka, ule mgongo wangu haukuwa mgongo."

Nikamweleza. Sikulia, nilisema kama mtu anayetoa maelekezo ya njia: ilikuwa hivi, kisha hivi. Upande wa pili nilisikia kelele za pacha, halafu mlango ukafungwa, halafu sikusikia kitu. Nikadhani simu imekatika. Nikasema, "Kaka, upo?"

Akasema, "Nilikuwa nakupigia kila siku. Nakuhesabia uzito wao."

Nikamwambia, "Nilitaka uendelee kupiga."

Kisha akaniuliza kitu ambacho tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si daktari, si jirani, hata mume wangu hakuthubutu kukitaja tukiwa wawili. Akasema, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," nikamwambia. "Alikuwa na nywele nyingi."

"Kama mama yetu," akasema baba yako.

Nikasema ndiyo, kama Mama.

Waambie pacha shangazi yao anawasalimu.

Wako daima,
Shangazi